Toboa Karibu na Kofia

Idaho Falls, 4 Septemba 1985

Baba mpendwa,

Za St. George? Hiyo nyonga mpya imekuzoea? Mimi mzima wa mwili. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, na kupiga kelele nimechoka.

Ile fimbo ya fueli niliyong'ang'ania iachwe kwenye kinu cha nyuklia mara mbili ya muda wa wenzake imetoka. Unajua nilivyowaahidi wakubwa: urani ikipasuka huzaa gesi, gesi huivimbisha, kisha vitundu vyake huungana na gesi hukimbilia chumba kitupu kilicho juu ndani ya fimbo, ganda la chuma libaki salama. Juzi tumetoboa chumba hicho palepale tunapotoboa siku zote. Gesi karibu hakuna. Bosi anasema ganda limepasuka, gesi imevujia kinuni. Vipimo vya kinu havikunasa kitu, lakini ati vimezeeka kama baba yangu. Ijumaa ya tarehe 13 anaufunga utafiti wangu.

Miaka minne, Baba. Nimelia kwenye basi la kazini jangwa zima, na wanaume wote wakajifanya wamelala.

Bado unasema fundi mstaafu ni mzigo, hutaki kurudi nyumbani? Nakuhitaji.

Binti yako,
LaRae


St. George, 7 Septemba

LaRae mwanangu,

Nyonga ni nzima kuliko mwenye nayo. Shangazi yako Nedra anakusalimu. Ananilisha jeli ya kijani yenye karoti kila siku, kwa hiyo niombee.

Sasa futa machozi. Urani ikivimba, ile metali ya sodiamu tunayoijaza kati yake na ganda inakwenda wapi? Inasukumwa juu. Fimbo yako imekaa mara mbili, basi imesukumwa juu zaidi. Kwenye joto la kinu ni majimaji, ila kwenye chumba chenu cha kutobolea inapoa na kuganda. Mmetoboa kizibo cha sodiamu, na gesi imekaa juu yake inawacheka. Toboa tena, karibu na kofia ya fimbo, juu kabisa.

Najua kwa sababu mwaka 1969 nilikosea hivyohivyo, nikaandika kwamba fimbo iliyokuwa salama imepasuka. Mbali na mama yako, hakuna niliyemwambia mpaka leo.

Baba


Idaho Falls, 13 Septemba

Baba wee,

Hujambo? Mimi sijambo mpaka naona aibu.

Bosi alinipa tundu moja tu. Niliendesha mikono ya chuma mwenyewe kutoka nje ya chumba, jicho kwenye kioo cha madini ya risasi kinachozuia mionzi, nikatoboa karibu na kofia. Sindano ya kipimo ikapanda, ikapanda, ikasimama karibu kabisa na namba niliyoiandika miaka minne iliyopita. Baba, nilicheza. Darrell, fundi mwenzangu, amecheza na mimi, na yule hachezi hata harusini.

Kisha tukakata kipande. Yale madini adimu yanayozaliwa na urani yamefika ukutani na kulila ganda kwa ndani, unene wa unywele tu. Limestahimili. Fimbo zangu zinabaki kinuni.

Bosi akaniuliza nani kanifundisha. Nikamjibu, "Kipimo kimoja kilichozeeka." Amecheka. Anaomba uje uwafundishe mafundi wapya, wiki mbili. Siri ya 1969 sijaitoa. Itoe mwenyewe, inawafaa.

Basi la jangwani linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kituo kilekile. Kiti chako cha dirishani nimekiwekea mkoba.

Binti yako,
LaRae


St. George, 17 Septemba

LaRae,

Salamu utazipata kwa mdomo. Nedra kaniona na begi mlangoni, akauliza naenda wapi na nyonga hii. Nimemwambia kazini.

Ondoa mkoba.

Baba