Memori ya Marehemu

Kyela, Jumanne

Memori sijapata bado. Niliyoagiza Mbeya imekataa kuingia, na laptopu yangu inaganda kila nikifungua ripoti ya shule. Mkuu anaitaka Ijumaa.

Leo jirani yangu Mama Tusa kaniletea laptopu ya marehemu mumewe, aina ileile. “Ng'oa unachotaka, mwanangu. Ilishakufa.”

Nikaichomeka umeme kwanza, nihakikishe. Ikawaka! Mumewe akatokea pichani kwenye kioo, anacheka, amesimama ufukweni Itungi.

Mama Tusa akakaa kitako. “Kumbe yumo.”

Sikuthubutu kugusa bisibisi.

“Nikiizima, atarudi?”

“Atarudi, mama.”

“Ndaga fijo,” akashukuru, akaifunga kwenye kanga, akaondoka nayo.

Ripoti sijui nitaimalizaje. Lakini kinachoninyima usingizi ni lile jibu langu. Mashine yenyewe kuukuu, na nimemwahidi...