Angalia Mukono Wake

Mujukuu wangu Neema,

Huku Bukavu tuko salama. Tantine yako, binti yangu, amezaa mutoto mwanamuke, na analia kama wewe zamani. Barua yako nimeisoma: unasema huko Kanada, mu besiboli, fimbo yako inapiga upepo tu, mupira unapita, na koci anayewafundisha anataka kukutoa mu ekipe.

Wakati wa vita, kijana mumoja alifika huku Ibanda, akaanza kufundisha watoto wetu muchezo huo huo, kwa fimbo ya karatusi na mupira wa vitambaa. Alisema ametoka Minova. Nani alimujua? Siku zile, mutu akikusanya watoto wenye nguvu, tulijua anawapeleka wapi: jeshini. Basi kila masomo yakiisha, nilikaa pale kumuchunguza. Uso wake ulicheka mno, kwa hiyo sikuuangalia. Niliangalia mikono.

Siku moja akanichokoza: "Maman, kuya upige basi!"

Nikakaza kikwembe kiunoni, nikashika fimbo. Akarusha. Nikapiga mara ya kwanza, mupira ukaruka ukuta wa kanisa.

"Maman, nani alikufundisha?"

"Wewe. Sikukuamini hata kidogo, kwa hiyo macho yangu hayakutoka ku mikono yako."

Akageukia watoto, akawaambia: "Muniangalie kama huyu maman." Nao, waliokuwa wakikosa, wakaanza kupiga.

Asubuhi moja aliondoka bila kuaga. Nilihesabu watoto mara mbili. Wote walikuwako.

Basi, mwanangu, uso wa anayerusha uachane nao. Angalia mukono, mpaka mupira utoke.

Na huyo koci wako, yeye ametoka wapi?

Koko wako, anayekupenda