Papa Ildephonse wa Duani, Aliyekula Mlango Wazi

Mwaka umezunguka, Papa, tangu malaria ikuondoe kwetu, na hapa Buterere Mzee Hamissi, fundi wa baiskeli, bado anawasimulia wateja wake habari ya mbuzi. Anaapa alikuona kwa macho yake kwenye barrière ya askari barabarani, mbuzi amefungwa nyuma ya baiskeli, analia kuliko honi.

"Muzee, hii mbuzi ni ya nani?"

"Ni ya mufanyabiashara mumoja. Aliisahau kwangu, namurudishia."

"Basi tuachie sisi. Sisi hatusahau."

Hamissi anasema walicheka mpaka wakakufungulia njia. Sisi hatukuwapo. Tunachojua ni kwamba mbuzi huyo hakuingia katika sufuria yetu. Tunaanza naye kwa sababu leo kuna mabati mapya uani, si yetu, na mvua imeshaanza.

Ulikuwa mkaguzi wa mizigo kwenye duani, ofisi ya ushuru, pale bandarini, mpaka miaka hii ya embargo, ambapo nchi jirani zimetufungia mipaka na sukari inatafutwa kama dawa. Kila siku ulirudi na baiskeli ile ile, ukanawa mikono, ukasema, "Fungueni mlango, tule." Jirani yeyote akipita aliona maharagwe yetu na ndagala zetu. Hata risasi ziliposikika upande wa Gasenyi, ulifunga tu saa ya couvre-feu, watu walipokatazwa kutembea.

Hilo la mlango ulilitoa kwa Wachina. Ulipokuwa kijana ulibeba matofali walipokuwa wanajenga kiwanda, na fundi wao mmoja akakusimulia juu ya hakimu wa zamani sana, wakati wa wafalme wao wakuu. Hakimu huyo alikula mlango wazi ili wapita njia waone kilicho katika bakuli lake. Tajiri mmoja alimletea hariri gizani, akamnong'oneza kwamba hakuna aliyewaona. Hakimu akawasha taa zote za nyumba, akamwita mlinzi: "Njoo umsalimie mgeni wangu." Alipokufa, wakubwa walikuja kutazama mali aliyoacha, wakakuta kanzu yenye viraka na bustani ya mboga. Watu wa wilaya wakamvalisha na kumzika wao wenyewe.

Mwanao Destin alipenda kukuchokoza hapo. "Papa, na bibi yake alisema nini?"

Wewe ulimtazama Mama. Mama alijibu bila kugeuka, "Alisema muchele umekwisha."

Mimi Consolée, ninayeandika haya, niliishia darasa la sita. Concours, mtihani wa kuingia sekondari, ilinikataa, na directeur mmoja wa shule akakwambia, "Lete tu huyo binti, tutapanga." Ukamjibu kwamba kiti hicho kina mtoto wa mtu. Nilinuna sana. Ukaanza kunisomesha mwenyewe jioni, kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni.

Sasa Destin naye ameingia duani, kwa mtihani wake mwenyewe. Wiki hiyo hiyo Mazin, mwenye duka kule kwa Waarabu, alisimamisha camionnette mbele ya lango la parsele yetu, akashusha mabati.

"Mama, wallahi, ni kwa heshima ya marehemu tu. Yeye hawezi tena kunipitishia kitu. Hiyo si rushwa."

Alisema kwa adabu, Papa, na tunaamini alikupenda. Mama alimpa chai. Usiku ule tuliweka beseni chini ya paa linalovuja, na Destin akahamisha godoro lake.

Alipopita tena, Mama alimwambia, "Asante, mwanangu. Kama ni kwa heshima ya marehemu, uyapeleke pale kwa Mawazo, yule mukimbizi wa Uvira anayelala chini ya sheeting ya plastiki na watoto. Marehemu alimuheshimu sana."

Mazin alitazama kule kwa Mawazo. Kisha akamtazama Destin. Akasema atafikiri.

Tulale tukiloa, tulale tukiwa wakavu, Papa, siku zote uko nasi. Tunaokukumbuka ni mke wako Adélaïde, watoto wako Consolée, Destin na Benite, ndugu yako Amissi na jamaa yote ya Buterere.

Na wewe Mazin, ndugu yetu, kama unasoma tangazo hili gazetini: Mama bado anangoja jibu.