Nywele za Bwana Mdogo

Jumapili, 9 Februari

Mume wangu,

Nisamehe kwa kukawia kuandika. Tangu likizo yako iishe, kila nikishika kalamu mwanao analia, na akinyamaza mimi nasinzia. Kwenye simu hunisikii, ndiyo maana naandika. Hujambo huko kwenye lifti zako? Goti limepoa? Sisi wazima, ila lipo jambo.

Bwana Mdogo ameota nywele. Sisemi za kichwani. Zimeanza kwenye paji la uso, zikashuka kando ya mashavu, sasa ziko mpaka mikononi. Mtoto wa miezi saba ana sharafa kama dereva wa lori. Jana jirani alimwamkia shikamoo.

Kwenu kuna aliyezaliwa hivi? Ninavyojua mimi kwenu ni upara mtupu, kuanzia baba yako kurudi nyuma. Na wewe, mwenye kichwa kilichojaa nywele tele, umemaliza likizo nzima ukijipaka hayo unayoyaita mafuta, asubuhi na jioni, kama mtu anayemwagilia bustani huku mvua inanyesha.

Nijibu upesi.

Mama wa mwanao


Jumapili, 23 Februari

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa kidume changu. Goti limepona, nashukuru kwa kuuliza. Kazi ni ile ile, kupanda na kushuka.

Unanicheka kwa sababu hujaona ninachokiona. Hapa jengoni mlinzi ana skrini ya kamera za lifti, na kamera zimefungwa juu. Siku nzima ni tosi za watu. Wanaume wa rika langu, ukikutana nao uso kwa uso wako kamili, wamechana na kupaka. Kwa juu wameshatoboka. Hawajui. Baba naye hakujua mpaka siku kinyozi alipomaliza kazi kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mimi sisubiri hiyo siku. Dawa inataka ianze mapema, nywele zikiwa bado zipo.

Kuhusu mtoto, sioni tatizo. Hatimaye ukoo wetu umepata nywele. Usimnyoe. Nitumie picha nimwonyeshe mlinzi.

Baba yake


Jumamosi, 8 Machi

Baba wa huyo mwenye nywele,

Natumaini u mzima. Sisi tumetoka zahanati.

Nesi alimtazama mtoto, akaniuliza nani nyumbani anatumia dawa ya kuotesha nywele. Nikamwambia baba yake. Akauliza, mtoto huwa anagusa hicho kichwa? Nikakumbuka ulivyokuwa ukimzungusha mabegani asubuhi, shavu lake limelala utosini kwako, dawa haijakauka, naye anazinyonya hizo nywele. Nikakumbuka mto mliolalia pamoja kila mchana.

Nesi akasema dawa hiyo inapita kwenye ngozi, na kwa mtoto mdogo haiishii kwenye nywele. Inaweza kuchezea mapigo ya moyo. Alimsikiliza kifua muda mrefu. Mimi nimesimama na nepi mbichi mkononi, sijui niiweke wapi.

Safari hii moyo uko salama. Nywele zitadondoka zenyewe asipoguswa tena na dawa. Nesi anasema onyo hilo huwa limeandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi. Wewe ulisoma mpaka wapi? Mpaka penye neno nywele, ukaikunja.

Acha hiyo dawa. Sikuombi.

Mama Mtoto


Jumapili, 20 Aprili

Mke wangu,

Kuwa na subira, najua umekasirika. Mtoto anaendeleaje? Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nafikiria.

Nikiiacha sasa, wanasema hata nilizokuza zitapukutika, nami nitakuwa nimejitakia. Naomba tuelewane. Nikija mwezi wa sita nitavaa kofia ya nailoni usiku na mchana, na nitalala sebuleni. Mtoto sitambeba kabisa. Nitamwangalia kwa mbali.

Naamini hapo hakuna ubaya.

Baba yake


Jumapili, 4 Mei

Mume wangu,

Hujambo. Bwana Mdogo anaendelea vizuri. Paji la uso limebaki jeupe, sharafa zinadondokea kwenye shuka. Foronya yako nimeifanya tambara la kudekia, na kila asubuhi naangalia kama sakafu imeota.

Umeandika kwamba hutambeba. Nilirudia kusoma nikidhani ni usingizi wangu. Mwezi na zaidi unafikiria, ukaja na kofia ya nailoni. Mwanaume mzima, fundi, watu wanakuamini na roho zao ghorofa ya kumi, halafu unaogopa kutazamwa na kamera.

Sasa nisikilize. Huyu mtoto akisikia sauti ya kiume mlangoni, ananyoosha mikono juu. Anataka mabega. Juzi alikuja baba yako, akamweka pale juu, na mwanao akakipiga kile kichwa kama ngoma mpaka akapata kwikwi kwa kucheka. Kinang'aa, hakina dawa, na mtoto anakipenda. Mimi nilipokubali kuolewa nilimwona baba yako kwanza. Nilijua ninachokichukua.

Kama ni baba wa kutazama kwa mbali tu, nina picha yako ukutani, inatosha, nayo haili.

Nakupenda, hilo lisikuchanganye.

Vitu ninavyohitaji utume ni hivi: nepi za kitambaa. Sabuni isiyo na harufu, ya mtoto. Kandambili zangu, hizi zimekatika. Foronya mpya, mbili. Ile chupa ya dawa, ikiwa na kilichobaki ndani, nikaimwage mwenyewe chooni. Na ile ya akiba uliyoificha ndani ya kiatu cha kazi, maana niliiona wakati unafunga begi.

Vya mwanzo vikichelewa nitavumilia. Hizo chupa mbili zitangulie kufika kabla yako.

Mama Mtoto