Jina Langu Katika Daftari la Makosa

Jared, nakuandikia nikiwa hapa nje ya korti.

Unaijua ile kazi ya basi la shule. Mwalimu mkuu alitaka barua ya korti kwamba sina makosa ya barabarani. Nikaenda nikicheka. Miaka kumi na miwili naendesha lori Shimanzi, sijakamatwa hata siku moja!

Karani akafungua daftari la mwaka wa tisini na sita. Akaniuliza, "Wewe ndiye Kenga Ngumbao?"

Nikasema ndiye mimi.

"Una kesi. Ulimgonga mama mmoja kwa gari Makadara, ukatolewa kwa dhamana, hukurudi. Kuna waranti ya kukushika."

Waranti! Mimi! Askari wa mlangoni akasogea mpaka nikasikia pumzi zake.

Nikamwambia karani, dada, si mimi. Akanitolea karatasi ya dhamana. "Basi hii saini ni ya nani?"

Jared, jina ni langu, namba ya leseni ni yangu, lakini mwandiko ni wako. Tumekaa dawati moja miaka saba, nitaukosaje? Na leseni yangu ulikuwa nayo wewe, mwaka ule ulipokwenda kunilipia ada yake.

Karani akaniuliza, "Unamjua aliyeandika?" Nikasema simjui. Nimedanganya kwa ajili yako, Jared, mbele ya askari.

Wamechukua kitambulisho changu, nirudi kesho saa tatu asubuhi. Hakimu mwenyewe ataniuliza, na yeye sitamdanganya. Karani anasema yule mama mpaka leo anatembelea fimbo.

Njoo usimame mwenyewe, kabla sijakutaja.