Ndovu wa Kristali na Mama Mkwe

Voi, Jumamosi, Julai 1977

Na bado yupo kabatini, mkonga juu! Tangu asubuhi nilikuwa na hakika leo tutaachana.

Huyu ndovu wa kristali nimemtafuta miaka. Kiwanda kiliacha kumtengeneza zamani, nikampata kwa mama mmoja Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Ni mdogo kama limau, lakini jua likimpiga, sebule nzima inameremeta.

Shida ni mama mkwe. Juzi ndovu walimlia mahindi yake yote kule Ndara, na leo amekuja kukaa kwetu. Hajacheka tangu siku hiyo, na mimi sijui tutamfariji vipi. Mghoi, mke wangu, alinionya, "Baba Mwakio, ficha huyo mnyama wako!" Nikamfunika kwa kitambaa cha kochi. Mzee mzima, naficha kidude cha kioo.

Chai haijapoa, Mama keshamfunua. Akamshika, akamgeuza, akanitazama. Nikaanza kusema kwamba, kwa kweli, ile siku...

"Wenzake wamenimalizia shamba," akasema, "na wewe umemnunua?"

"Naam, Mama."

"Kwa pesa?"

Mghoi alikimbilia jikoni kucheka. Nikajua sasa ndovu wangu anarushwa nje. Lakini Mama akamrudisha kabatini polepole, akamtanguliza mbele ya bata wangu wote wa kioo, akang'oa punje moja ya hindi la kuchemsha alilokuwa akila na kuiweka chini ya mkonga.

"Kula," akamwambia. "Ni wewe tu mwenye adabu ya kungoja kupewa."

Kisha akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Punje bado ipo. Nani atathubutu kuiondoa?