Mume Wangu Ameandika Kwamba Anaishi kwa Amoit

Mama Asio, pokea salamu kutoka huku Buhehe, na kabla hujanicheka naomba msaada wako, maana roho imetulia lakini kichwa bado.

Mimi ni mke wa ndoa ya kanisani, mume wangu ni Okumu, tunalala Uganda na yeye anafanya kazi Busia ya Kenya kwenye kiwanda cha chakula cha kuku, anavuka asubuhi anarudi jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na hayo ndiyo maisha yetu miaka yote. Sasa juzi rafiki yangu Patience, ambaye anafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, kule ng'ambo, akaniita pembeni akaniambia taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba kwamba Okumu alikuja kujaziwa ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, na alipoulizwa makazi yake ni wapi akasema ni mtaa wa Marachi, huko huko Busia ya Kenya, nyumbani kwa Amoit. Mama, mimi sikuuliza mara mbili, nilifunga kitenge nikavuka mpaka, nikaulizia huyo Amoit mpaka nikamkuta kwenye kibanda chake cha chapati, nikamwaga maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamwita mwizi wa waume mbele ya wateja, watu wakaacha chai wananitazama mimi, na yeye anaendelea tu kusukuma unga. Nilipoishiwa pumzi ndipo akasema, "Dada, huyo wako huniachia baiskeli asubuhi, jioni anaichukua. Kama hiyo baiskeli imezaa, njoo uchukue mtoto."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Okumu alipoingia nikamuuliza hata hajakaa kama ameoa Kenya, na yeye akanitazama akasema, "Wewe Ajambo, mimi nakwenda Kenya kutafuta pesa, bibi ya pili nitamlisha na nini?" Ndipo akanieleza kwamba kila mwezi mshahara wake unakatwa pesa ya bima ya afya, na mwenzake mmoja wa kazini alimwambia kwamba ukijaza ritani ukisema kwako ni Uganda unahesabiwa mgeni, na hayo makato hayatakupunguzia kodi hata shilingi, ni lazima uwe na nyumba Kenya, basi yeye akataja kwa Amoit kwa sababu ndio mlango pekee anaoujua vizuri kule. Nilicheka, nikalia, kesho yake nikamchinjia kuku.

Shida sasa ni kwamba Okumu anasema tuache hivyo hivyo, hakuna mtu wa kodi atakayekuja Marachi kuhesabu vitanda, na mimi naogopa wakigundua watamfunga au atapoteza kazi, na ni hiyo kazi inayotulisha. Lakini pia nimefurahi mno kwamba si mwanamke, ni kodi tu, naona nikianza kumsumbua tena nitaharibu furaha yenyewe. Nifanye nini?

Ajambo, Buhehe

*

Ajambo mwanangu, umenifurahisha na kunikasirisha katika barua moja. Wengi huniandikia wakilia kwa sababu mume amedanganya. Wewe umechinja kuku. "Ni kodi tu," unasema. Nani alikufundisha maneno hayo?

Haya, vuta pumzi, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo kuliko hofu yako. Nimeuliza mtu anayefanya kazi ya kodi, na aliponijibu nilitamani kumvuta mumeo sikio. Kenya haiangalii nyumba peke yake, inaangalia na siku. Mtu akiwa ndani ya nchi siku mia na themanini na tatu au zaidi katika mwaka, anaweza kuhesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi hata kama hana chumba huko. Okumu anavuka siku sita kila wiki. Piga hesabu mwenyewe. Tena makato ya bima ya afya hupitia kwa mwajiri, ambaye huyatoa kwenye mshahara kabla ya kukata kodi, na yanapaswa kuonekana kwenye hati ya mwaka anayompa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba mumeo amejitungia nyumba ili apate kitu ambacho huenda kilikuwa chake tayari kwa jasho lake. Na yote hayo kwa kumsikiliza mwenzake wa kazini badala ya kwenda ofisini kuuliza.

Ritani iliyokosewa hurekebishwa, na ni heri uirekebishe mwenyewe kuliko kungoja kuitwa. Wiki hii aende ofisi ya kodi ya Kenya na hati yake ya mshahara, aseme ukweli: nalala Buhehe, nafanya kazi Busia, niangalieni siku zangu. Kama kuna kodi ya kuongeza aongeze, hata kwa kulipa kidogo kidogo. Kisha arudi aulize na upande wa Uganda, maana anayeishi Uganda ana wajibu huko pia, na mapato yaliyokwisha kukatwa kodi Kenya yana utaratibu wake. Asijaribu kudai makato yale yale pande zote mbili. Mpaka hautampa mfuko wa pili.

Halafu unaniambia unaogopa kumsumbua. Wewe uliyevuka mpaka kwenda kumsumbua mtu usiyemjua? Furaha yako ni halali, mwanangu, na mimi nimefurahi nawe. Lakini kama itavunjika kwa sababu umemwambia mumeo aseme kweli, basi hiyo haikuwa furaha, ulikuwa unanyamaza tu. Mwambie leo, akiwa ameshiba.

Jambo la mwisho hukuniuliza, nami nitalisema. Yule mama wa chapati hakuolewa na mumeo wala hakumpangisha chumba, na nyinyi wawili mmemtwika yote mawili, mmoja kwenye kompyuta na mwingine mbele ya wateja wake. Nendeni pamoja asubuhi, wakati watu wamejaa. Usimwite pembeni ukanong'ona. Ulimtukana kwa sauti, mwombe radhi kwa sauti hiyo hiyo.